Kabati la spana: jekundu, jeusi au la bluu?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni fundi magari hapa Tanga, mwaka wa nane sasa, na mwaka huu nimefungua gereji yangu mwenyewe. Ni banda la bati, upande wa magharibi halina ukuta, sakafu nusu zege nusu kokoto. Kaka yangu yuko Muscat na kuna kontena linakuja huku. Ametuma picha za kabati la spana la magurudumu, droo tisa, upana inchi 42. Lipo jekundu, lipo jeusi lisilong'aa, na lipo la bluu linalong'aa. Unaweza kuongeza sehemu ya juu ya mbao au ya stenlesi, kitasa cha umeme cha kubonyeza namba, soketi za umeme ubavuni, na kabati dogo la pembeni. Nina shilingi milioni tatu, na nauli imo humo humo. Mke wangu anataka jekundu, vijana wangu wa gereji wanataka jeusi. Nichukue lipi, na niongeze nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera. Kontena halimsubiri mtu, kwa hiyo naanza na jibu: mwambie kaka achukue la bluu. Ila usifunge simu hapo. Katika swali lako umeandika rangi na nyongeza, lakini hukuandika unene wa bati, wala uzito ambao droo moja inabeba, wala ukubwa wa magurudumu. Hayo matatu ndiyo yatakayokufanya umshukuru kaka au umlaumu miaka mitano ijayo.

Tumalize rangi kwanza.

Mkeo hajakosea kupenda jekundu. Linapendeza, na likiwa jipya gereji nzima inachangamka. Lakini banda lako liko wazi magharibi. Kila alasiri jua litalipiga kabati ubavu ule ule, na nyekundu nyingi ndizo rangi zinazopauka upesi kwa jua. Baada ya misimu michache utakuwa na kabati la sura mbili, ubavu mmoja wa waridi na mwingine bado mwekundu. Hilo ni la macho tu, unaweza kuishi nalo. Baya zaidi ni kwamba kutu haionekani juu ya nyekundu. Wewe uko pwani. Kutu itaanza pembeni, kwenye kona zilizokunjwa na pale spana iliponing'inia ikakwangua, na kwenye kabati jekundu utaiona ikiwa imeshaingia chini ya rangi na kuinyanyua kama ganda la kitunguu. Kwenye bluu, doa la kahawia la ukubwa wa punje ya mtama linakuita ukiwa mlangoni. Unalipiga msasa siku hiyo hiyo, unapaka, umemaliza.

Vijana wako nao nawaelewa. Jeusi lisilong'aa ndilo linalopendeza kwenye picha. Katika gereji yenye viyoyozi na taa nyeupe lingekuwa kabati zuri sana. Kwenye banda la bati la Tanga, saa tisa alasiri, utalishika ubavu uliopigwa na jua na kuondoa mkono. Pia rangi ile isiyong'aa ina vijikwaruzo vidogo vidogo usoni, na humo grisi na vumbi la breki hukaa. Ukifuta kwa tamba unalisambaza tu. Likichubuka, rangi ya kopo la kupuliza ya dukani itang'aa kuliko iliyobaki, na kila kovu litaonekana.

Bluu ina kasoro moja: bluu ni nyingi. Ukienda duka la rangi na kusema "nipe bluu" utarudi na bluu ya daladala. Kwa hiyo kaka aulize namba ya rangi kabla ya kulipa. Viwanda vingi hufuata orodha ya Kijerumani iitwayo RAL, iliyoanza mwaka 1927, ambayo kila rangi ina tarakimu nne. RAL 5010, kwa mfano, ni bluu iliyokolea inayotumika sana kwenye vyuma vya karakana. Ukiwa na namba, mchanganyaji wa rangi wa hapa nyumbani anaweza kukutengenezea robo lita ya kufanana, na hiyo robo lita itakutosha miaka mingi ya kuziba mikwaruzo.

Kama wangekuwa na kijivu chepesi ningekwambia uache hata bluu. Hawana, basi.

Huu ubishi wa rangi, kwa kweli, tumeurithi. Marekani fundi wa gereji kubwa kwa kawaida hununua spana zake mwenyewe na kabati lake mwenyewe, hata kama ameajiriwa. Gari la muuzaji linapita gereji kwa gereji kila wiki, fundi anachukua kwa mkopo na kulipa kidogo kidogo. Kabati ndilo cheti chake; akihama kazi analiburuta analipakia kwenye gari la kuvuta na kuondoka nalo. Ndiyo maana kampuni kama Snap-on, iliyoanzishwa mwaka 1920, huuza kabati lile lile kwa rangi nyingi kama za kanga. Wazungu wa Ulaya wao rangi ni alama ya kiwanda: Beta ya Italia ni ya chungwa, Gedore na Hazet za Ujerumani ni za bluu. Huko rangi inasema wewe ni nani au spana zako zimetoka wapi. Kwako wewe, mteja anayeleta Noah inayochemsha hatauliza kabati ni la rangi gani. Ataangalia kama ulipata spana namba kumi bila kupekua.

Na hapo ndipo rangi inapofanya kazi ya maana: ndani ya droo. Unajua kandambili? Ile nyayo laini imetengenezwa kwa povu liitwalo EVA, na povu hilo hilo huuzwa kwa vipande vipana bapa, au kama yale mazulia ya watoto ya kuunganisha vipande. Nunua rangi mbili. Chini gundisha njano au nyekundu, juu weka jeusi. Panga spana zako juu ya lile jeusi, chora kwa kalamu kila moja ilivyolala, kata kwa wembe, rudisha. Spana ikitoka, tundu linabaki la njano na linakupigia kelele. Mafundi wa ndege hufanya hivyo kwa sababu spana iliyosahaulika ndani ya injini inaua watu. Wewe utafanya hivyo kwa sababu soketi iliyosahaulika juu ya injini ya mteja itaondoka naye mpaka Korogwe. Jioni unavuta droo, unatazama, unajua kilichokosekana na nani alikuwa na kazi gani. Katika milioni tatu zako, hela ya povu ni ndogo kuliko zote, lakini ndiyo itakayorudi haraka. Usitumie sponji la godoro. Sponji linanywa unyevu kama mkate na kuushikilia kwenye chuma. EVA vitundu vyake vimefungwa, maji hayaingii.

Sasa bati. Unene wake huandikwa kwa geji, na geji huenda kinyume: namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Geji 18 ni karibu milimita 1.2, geji 20 karibu 0.9, geji 22 karibu 0.75. Kwa kabati la inchi 42 litakalosukumwa kwenye sakafu yako, fremu isiwe chini ya milimita 1.0, na 1.2 ndiyo ninayoipenda. Kaka asitegemee karatasi. Achukue vernia, kile kipimo cha unene, apime ukingo wa ubavu na ukingo wa droo, maana wajanja huweka bati nene mbele na jembamba nyuma. Kisha ashike kona moja ya juu na kuisukuma kwa mshazari. Kabati zuri linasogea zima. Bovu linajipinda, na kesho yake droo zitaanza kugoma.

Kwenye droo nitakaa kidogo, nisamehe.

Mimi nilianza na tranka la bati la shule ya bweni. Soketi, nyundo, bisibisi, vyote vilikuwa mle ndani, na kila nilichotaka kilikuwa chini. Nikaja kununua kabati langu la kwanza lenye droo tano kubwa, nikadhani nimeokoka. Sikuokoka. Nilikuwa na matranka matano. Droo yenye kina cha sentimita ishirini ukiitia spana utazirundika, na ukizirundika utapekua. Vifaa vingi vya mkononi havizidi urefu wa kwenda juu wa sentimita tano: spana, soketi, racheti, bisibisi, koleo. Hivyo basi unataka droo fupi nyingi za sentimita tano hadi saba na nusu, na nzito mbili tu za chini kwa ajili ya nyundo, mashine ya upepo, puli za kung'olea beringi. Kati ya tisa zako, sita au saba ziwe fupi. Kama kwenye picha ni nne fupi na tano ndefu, mwambie aulize mtindo mwingine wa kabati hilo hilo.

Kabla hujamjibu kaka, fanya jambo moja leo jioni. Fagia zege, mwaga vifaa vyako vyote chini, vipange kama vile unavyotaka vilale. Chukua futi. Upana wa inchi 42 ni kama sentimita 107 kwa nje, lakini droo kwa ndani itakuwa pungufu kwa sentimita kadhaa kwa sababu ya reli na kuta. Kina cha kwenda nyuma ndicho kinachosahaulika. Makabati mengi ya bei ya kati yana inchi 18, karibu sentimita 46, na toki renchi ya nusu inchi, ile spana ya kukaza nati kwa kipimo, mara nyingi ni ndefu kuliko hapo. Italala kwa upana na kula nafasi. Kina cha inchi 24 ni sentimita 61. Ukipewa kuchagua kati ya kabati dogo la pembeni na kina hicho, chukua kina bila kufikiri mara mbili. Kabati la pembeni achana nalo kabisa. Linaning'inia upande mmoja, linavuta kabati zima, na litajaa maglavu na chupa za soda.

Ukishapanga, vipime uzito. Mzani wa duka la nafaka unatosha. Reli nzuri ni za beringi, na nyingi hubeba kilo 45 kwa jozi. Droo za chini huwekewa jozi mbili ili zibebe maradufu. Droo ya soketi za nusu na robo tatu inchi inafika uzito huo bila wewe kutambua. Kaka avute droo ya chini mpaka mwisho. Je, inatoka yote, au robo inabaki ndani? Inayobaki ndani ni robo ya droo ambayo hutaiona kamwe. Ikiwa nje, aikandamize kwa kiganja mbele. Ikicheza kidogo ni sawa; ikiinama na kusuguana na ya chini yake, aage muuzaji.

Aulize pia kama droo mbili zinaweza kufunguka kwa wakati mmoja. Kuna makabati yenye kizuizi: ukifungua moja, zingine zinajifunga. Vijana wanalalamika kwamba inachelewesha. Waache walalamike. Droo nne nzito zikiwa nje kwa pamoja, kabati huinama mbele na kuanguka, na kilo mia tatu za chuma hazikupi nafasi ya kuruka. Kama kizuizi hakipo, weka vizito vyote chini na uweke sheria ya droo moja.

Kuhusu magurudumu nitakuwa mkali, kwa sababu ya hizo kokoto zako. Kabati tupu la ukubwa huo linaweza kuwa na kilo tisini. Vifaa vyako, tuseme, kilo 210. Jumla 300. Usigawanye kwa nne, gawanya kwa tatu, kwa kuwa sakafu isiyo sawa huacha gurudumu moja likiwa hewani na matatu yanabeba. Kila gurudumu basi libebe angalau kilo 100, na ningetaka 150 ili nilale usingizi. Kipenyo kisipungue milimita 125. Gurudumu la milimita 75 huingia kwenye ufa wa zege na kusimama, wewe unaendelea kusukuma, na kabati linakufuata kwa juu. Mawili yawe ya kugeuka na yawe na breki, mawili ya kwenda moja kwa moja. Raba ngumu inafaa. Pauliyurethani, ile plastiki inayofanana na raba, ya bei rahisi niliwahi kuiona ikibanduka vipande kama mkate wa juzi baada ya miaka michache ya joto na unyevu wa pwani. Lakini hata gurudumu bora halitembei juu ya kokoto, kwa hiyo chagua: ama kabati likae kwenye zege daima, ama utoe hela ya mifuko kadhaa ya saruji ulifikishe zege mpaka mlangoni. Ningekuwa wewe ningekata kwenye nyongeza nikamwaga zege.

Twende kwenye nyongeza zenyewe. Sehemu ya juu ya mbao ni tamu kwa kazi, kifaa kikianguka hakivunjiki na hakilii. Lakini mbao hunywa oili, hupasuka kwa unyevu, na sisi tuna mchwa. Stenlesi basi, ila si kila stenlesi. Kaka aende na sumaku. Ya gredi 304 ina nikeli ndani yake na sumaku haiishiki, labda kidogo kwenye kona zilizokunjwa. Ya gredi 430 haina nikeli, sumaku inanasa kabisa, na karibu na bahari itashika kutu mapema. Hata 304 itatokwa na madoa ya rangi ya chai upepo wa kusi ukianza kuvuma; unafuta kwa maji baridi na sabuni, si kwa steel wire ya kusugulia sufuria, maana ile inaacha vipande vya chuma vinavyoota kutu juu yake. Tandika raba juu ili skrubu zisibiringike, na umefika.

Soketi za umeme zinafaa kwa chaja za betri za drili, kwa sharti moja. Sehemu za Ghuba huuzwa pia vitu vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani, ambako umeme ni volti 120. Kwetu ni 230. Soketi ziwe za pini tatu bapa, na kibandiko kiseme 220 hadi 240. Kikisema 120, usikubali maneno ya "utabadilisha plagi tu".

Kitasa cha namba, hapana. Kina betri, kina waya nyembamba, na chumvi itakipata. Siku kitakapokufa kitakufa kikiwa kimefungwa, na Land Cruiser ya mteja iko juu ya jeki. Chukua cha ufunguo. Lakini jua kwamba makabati ya bei ya kati hutumia namba chache za funguo zinazojirudia. Ufunguo wa jirani unaweza kufungua la kwako. Andika namba iliyochongwa kwenye kitasa, chonga nakala, na ukipata nafasi badilisha kitasa chenyewe. Tena kabati lenye magurudumu linaweza kuondoka lote bila kufunguliwa. Unapomwaga lile zege, zika humo pete ya nondo, usiku pitisha mnyororo.

Neno la safari. Zamani kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi ya Oman mpaka kwenu. Jahazi lilikuwa na hewa, kontena halina. Mchana bati lake linachemka, usiku bahari inalipoza, unyevu wa ndani unageuka matone darini na kudondokea mizigo. Kaka atie vile vifuko vya silika vya kunyonya unyevu ndani ya kila droo, na afunike kabati kwa boksi juu ya nailoni. Likifika, vua nailoni siku hiyo hiyo hata kama hujapata pa kuliweka, kwa sababu nailoni sasa inafungia jasho ndani. Futa reli, paka oili nyepesi, si grisi nzito ya beringi za magurudumu inayookota mchanga. Pitisha nta ya gari kwenye bluu yako, hasa kona za chini. Na usiweke kamwe asidi ya kusafishia vyoo au maji ya betri ndani ya kabati, hata kama chupa imefungwa. Mvuke wa ile ya vyoo unapenya, na asubuhi moja utakuta soketi zote zina vumbi la chungwa.

Ukipiga hesabu: toa kabati la pembeni, toa kitasa cha namba, toa mbao. Weka kina cha inchi 24, magurudumu makubwa, stenlesi kama sumaku imekataa, soketi za umeme kama kibandiko kinasoma sawa. Kama bado hela haitoshi, toa stenlesi pia. Raba juu ya bati la kawaida itakufaa.

Usiku huu mtumie kaka ujumbe akupigie picha nne: vernia ikiwa kwenye ukingo wa ubavu, droo ya chini ikiwa nje yote, kibandiko cha gurudumu chenye kilo, na namba ya RAL. Zikija vizuri, alipe. Mkeo mnunulie mwavuli mwekundu.